Tundu chini ya tawi: niliyojifunza kwa bungua mweusi wa kahawa

Mkulima wa Kagera akiona tawi la mbuni limekauka, neno la kwanza kumtoka ni mnyauko. Simlaumu. Mnyauko fuzari ulithibitishwa mkoani kwetu mwaka 1997, ukafyeka kahawa ya robusta vibaya, na waliokuwa na vibanja (mashamba ya migomba na kahawa) wakati ule bado wanasimulia walivyong'oa mibuni iliyopandwa na babu zao na kuichoma palepale iliposimama. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi ya ugani upande wa Misenyi, simu nyingi zilizoniita mashambani zilikuwa za aina moja: "Bwana shamba, ule ugonjwa umerudi."

Mara nyingi haukuwa umerudi. Aliyekuja ni mdudu, mweusi, mwenye urefu usiofika milimita 2, ambaye wataalamu wanamwita Xylosandrus compactus na sisi tulizoea kumwita bungua mweusi wa matawi. Nilimfuata huyu mdudu kiasi cha wenzangu ofisini kunitania kwa jina lake. Ninayoandika hapa ni niliyoyaona vibanjani, pamoja na niliyoyasoma usiku nikitaka kuelewa nilichokiona mchana.

Kutofautisha si kazi ngumu ukishaoneshwa. Mnyauko fuzari unaua mti mzima. Majani yanageuka njano na kupukutika, pengine upande mmoja ukitangulia, na ukikwangua gome karibu na ardhi kwa kisu unakuta mti wa ndani umeingia weusi wenye ubuluu au rangi ya kahawia. Mbuni wenye bungua mweusi shina lake ni zima, kijani kibichi chini ya gome, na matawi mengine yanang'aa kama hakuna lililotokea. Ila tawi hapa na tawi pale limenyauka. Majani yamekuwa ya kahawia, kisha meusi, na hayadondoki. Yananing'inia pamoja na buni changa zilizokauka kabla ya wakati wake. Kuna pia tawi linalokufa kwa kuzidiwa na mzigo wa matunda au kwa ukame: hilo huanza kukauka nchani likarudi nyuma, na tundu hulioni hata utafute vipi.

Tundu ndilo ushahidi wenyewe. Kwenye matawi ya kahawa yanayolala, bungua huyu hutoboa upande wa chini, ule unaotazama ardhi, na ndiyo maana mtu anaweza kupita kwenye mistari yake kila asubuhi bila kuona kitu. Upana wa tundu ni kama milimita 0.8. Sindano ya kushonea nguo inaingia kwa shida. Likiwa limechimbwa karibuni utakuta unga mweupe mwembamba mdomoni pake. Mvua ikishapiga, unga haupo na kazi ya macho inaongezeka. Kwenye maotea, yaani machipukizi yanayosimama wima, tundu linaweza kuwa upande wowote, kwa hiyo hapo zungusha.

Bibi mmoja wa karibu na mpaka wa Uganda alikuwa ameshafunga vitambaa kwenye mibuni ya kung'olewa nilipofika kwake. Mjukuu wake ameshika jembe, anasubiri amri tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umechelewa, lakini karibu. Hii yote yenye vitambaa inaondoka leo."

"Naomba tawi moja kwanza, mama. Moja tu, halafu utaamua mwenyewe."

Alinikubalia kwa shingo upande. Sikuchukua tawi lililokauka kabisa. Nilitafuta lile ambalo majani yake yameanza kulegea lakini bado yana ukijani. Nilipolipindua, tundu hilo hapo. Nililikata, tukakaa barazani, nikalipasua kwa wembe taratibu kufuata urefu wake, kuanzia tunduni.

Njia inaingia moja kwa moja hadi kwenye kiini laini cha katikati, kisha inapanuka na kuwa chumba kirefu kinachofuata kiini kwenda juu na chini. Kuta za chumba hazikuwa na rangi ya mti. Zilikuwa zimefunikwa na utando mweupe wenye unyevu, na juu ya utando huo walilala wadudu wa kila umri: mayai madogo yanayong'aa, lava weupe wasio na miguu wamejikunja, wengine wakiwa pupa na umbo la miguu limeshaanza kuonekana, na majike wachanga wenye rangi ya kahawia ambao walikuwa bado hawajakomaa wakawa weusi. Mama yao alikuwa karibu na mlango, mgongo ameuelekeza nje. Bibi alivaa miwani yake ya kusomea, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa wembe.

"Hawa weupe ni nini?"

"Watoto wake."

"Na wanakula mti wangu."

"Hapana mama. Mti hawali. Wanakula huu ukungu mweupe."

Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndilo lenyewe: "Kama hawali mti, wameutobolea nini?"

Wametafuta shamba. Jike anapofika kwenye tawi anakuja peke yake, ameshapandwa, na amebeba mbegu. Katikati ya mgongo wake, pale ngao ya kifua inapokutana na sehemu inayofuata, kuna kifuko chenye mbegu za kuvu iitwayo Ambrosiella xylebori. Anachimba mpaka kwenye kiini, anatupa nje unga wa kuni wote (huo unga mdomoni mwa tundu ni ushahidi kwamba haumezi), anachonga chumba, kisha anapanda kuvu yake. Anasubiri kuvu iote ndipo anataga. Lava wakianguliwa wanakuta chakula kiko mezani, na hawana haja ya kutafuna mti hata kidogo. Kazi ya mti ni kuilisha kuvu na kutunza unyevu, basi. Katika joto la nyuzi 25 yai huchukua takriban siku 28 kuwa mdudu kamili.

Sasa kwa nini tawi linakufa, kama haliliwi? Sababu ziko mbili na zinafuatana. Chumba chenyewe kinakata kiini na kujeruhi mishipa ya maji ya kijiti kidogo ambacho unene wake ni wa penseli au chini ya hapo. Halafu kupitia lile tundu huingia kuvu nyingine zisizo za mezani, zikiwamo za jamii ya Fusarium, na hizo ndizo zinazoziba na kuozesha. Kuanzia tunduni hadi nchani tawi linakosa maji. Ukilivuta kidogo linavunjikia palepale kwenye tundu.

Bibi alimwambia mjukuu aweke jembe chini. Vitambaa alivifungua mwenyewe, akivihesabu, maana ni vipande vya kanga aliyoitaka irudi.

Tangu siku ile nimebadili namna ya kufundisha. Zamani nilianza na dawa na vipimo, kwa sababu ndicho watu wanachouliza. Sasa naanza na wembe. Ukishamwona mdudu akiwa shambani kwake, maswali mengi ya matibabu yanajijibu yenyewe.

Chukua suala la kupuliza. Wakulima wengi nimewakuta na chupa waliyouziwa duka la pembejeo wakaambiwa inaua "wadudu wote wa kahawa". Wamepuliza, wamerudia, na matawi yanaendelea kukauka. Dawa ya kugusa inamfikia bungua wakati mmoja tu, yaani anapokuwa nje akitafuta pa kuingilia, na muda huo ni mfupi. Akishaingia, yeye na ukoo wake wote wako ndani ya kiini, na mlango wameuziba kwa mwili wa mama. Dawa inayopita ndani ya mti nayo inakumbana na tatizo lingine: mdudu hanywi utomvu wala hali mti, kwa hiyo sumu haimfikii kwa njia ya chakula kama inavyomfikia anayekula jani. Uganda watafiti walijaribu kuchanganya kiuadudu na kiuakuvu, kwa hoja kwamba ukiua bustani ya ukungu familia nzima inakufa njaa. Hoja hiyo naikubali. Bei yake kwa mwenye kibanja cha nusu ekari ndiyo inanipa shida, na migomba, maharage na magimbi ya chakula cha nyumbani yako chini ya mibuni hiyohiyo.

Kilichobaki ni kisu na moto. Kata tawi chini ya tundu, upande wa shina, uache nafasi ya vidole vichache ili usikiache kipande cha chumba mtini. Kisha choma. Hapo kwenye kuchoma ndipo nilipobishana na watu zaidi kuliko kokote, kwa sababu kwetu kijiti kikavu ni kuni, na hakuna mama atakayewasha moto wa kuunguza kuni bure shambani. Wengi walikata vizuri kabisa wakarundika nyuma ya jiko, na ndani ya rundo lile wadudu waliokuwa karibu kukomaa walimalizia kukua, wakatoka, wakarudi kwenye mibuni iliyo mita chache kutoka hapo. Tukakubaliana hivi: matawi hayo yaende jikoni, lakini siku hiyohiyo, yawe ya kuwashia moto wa jioni. Yasilale. Akina mama walilipokea hilo kwa urahisi. Wazee wa kiume ndio walioona kwamba jambo la kitaalamu haliwezi kumalizikia chini ya chungu.

Jambo lingine ambalo wembe ulinifundisha ni kuhusu wakati. Mkulima anakata tawi jeusi kabisa kwa sababu ndilo linalomkera macho. Nilipasua mengi ya namna hiyo, na aghalabu chumba kilikuwa kitupu, ukungu umekauka, wenyewe wameshahama. Kulikata kunasafisha mti lakini hakupunguzi mdudu hata mmoja. Tawi lenye faida kulikata ni lile ambalo bado mtu analionea huruma: majani yamelegea, rangi imefifia kidogo, buni bado ni kijani. Hilo ndilo limejaa. Kumshawishi mtu akate tawi lenye buni za kijani ni kazi, na njia pekee iliyonifaa ni kulipasua mbele yake.

Nirudi kwenye majike na madume, maana humo mna siri ya kuenea kwake. Jike la bungua huyu likitaga yai lisilorutubishwa, hutoka dume. Likitaga lililorutubishwa, hutoka jike. Anataga ya kike mengi mno na ya kiume machache. Dume ni mdogo, hafiki hata milimita moja na robo, rangi yake ya kahawia iliyoiva, na mabawa yake hayamwezeshi kuruka. Anazaliwa ndani ya tawi, anapanda dada zake humohumo, na kwa kawaida maisha yake yanaishia humo. Dada zake wanatoka kwa tundu lilelile la mama yao wakiwa tayari wana mbegu za watoto na mbegu za ukungu. Kwa hiyo jike mmoja aliyejificha kwenye kijiti cha mche ndani ya meli ana kila kitu anachohitaji kuanzisha kizazi kipya bara lingine. Hahitaji kumkuta mwenzake huko aendako.

Na amekwenda mbali. Mjerumani Eichhoff alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1875 kutokana na wadudu wa Japani. Asili yake inahesabiwa kuwa Asia. Mwaka 1941 alikutwa Florida, Marekani. Mwaka 1961 akaonekana kisiwa cha Oahu, Hawaii, na baadaye akafika kwenye kahawa ya Kona. Afrika yumo magharibi, kati na mashariki, na visiwani Madagaska na Mauritius. Mwaka 2011 Waitaliano walimkuta kwao, na miaka michache baadaye akawa anakausha vichaka vya hifadhi ya Circeo, kusini mwa Roma, mahali ambapo hakuna mbuni hata mmoja. Hilo lisimshangaze mtu: mimea inayoweza kumpokea inazidi aina 200. Parachichi yumo, mwembe yumo, kakao yumo, na miti mingi ya porini.

Kwa Uganda, taarifa za kwanza zilitoka Bundibugyo mwaka 1993. Kutoka huko akasambaa hadi mikoa ya katikati inakolimwa robusta kwa wingi, na robusta ndiyo anayoipenda kuliko arabika. Kagera tunapakana na Uganda, tunalima zao moja, tunabadilishana miche na kuni na ndugu. Kumzuia mpakani ilikuwa ndoto. Kinachoniuma ni kwamba robusta ni mwenyeji wa ukanda huu wa Ziwa Viktoria. Wahaya walikuwa wakiitafuna na kumkaribishia mgeni tangu zamani, kabla mtu hajafikiria kuiuza Ulaya. Mti wa hapa, mdudu wa mbali, na mti haukupata muda wa kumzoea.

Kumtambua kwa uhakika ni sura nyingine, na niliijua vizuri nilipoanza kutega. Mbinu ni ya chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu: unakata madirisha ubavuni, unaining'iniza kichwa chini, kizibo kimefungwa, maji ya sabuni kidogo chini, na juu yake kichupa cha pombe chenye utambi. Wadudu wa kundi hili wanavutwa na harufu ya alkoholi, kwa sababu mti ulio taabani, kwa mfano mizizi imezama maji, hutoa harufu hiyo. Spiriti ilikuwa ghali, nikaenda kwa mzee mmoja anayepika enkonyagi, pombe kali ya ndizi. Aliniuliza ya nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo bwana shamba, hata wadudu wa mwaka huu ni walevi?" Tangu hapo akawa ananipimia bure kidogo juu ya kibaba, kwa niaba ya wadudu.

Ulevi huo una hesabu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya ndugu yake wa karibu, Xylosandrus germanus, ulionyesha kwamba alkoholi iliyomo ndani ya mti inaikuza kuvu ya mezani na kuzidumaza kuvu nyingine zinazoivamia bustani. Kwa maneno ya shambani, mdudu anachagua udongo ambao magugu hayaoti. Huyu wa kwetu ana ujeuri zaidi, maana haoni taabu kuingia hata kwenye tawi bichi la mti wenye afya, lakini harufu bado inamwita.

Tatizo la chupa ni kwamba inaita kila mtu. Asubuhi namimina maji kwenye sahani nyeupe na kukuta vijidudu vyeusi na vya kahawia vimechanganyika, na ukivitazama kwa macho matupu vyote ni kitu kimoja. Wa kwanza kuchanganywa naye ni ruhuka, yule anayetoboa buni, Hypothenemus hampei. Rangi ileile, urefu uleule. Shambani hawachanganyiki, kwa sababu mmoja unamkuta ndani ya punje na mwingine ndani ya kijiti. Kwenye sahani ushahidi wa nyumbani kwao umepotea, inabidi utumie lenzi. Ruhuka ni mrefumrefu, na juu ya mabawa yake magumu kuna vinywele vigumu vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka. Bungua mweusi ni mfupi, amejazana, mweusi wa kung'aa. Nyuma, pale mgongo unaposhuka, pameviringa na pana vinywele vyembamba vilivyosimama. Alama niliyoitegemea kuliko zote ni kishungi kidogo cha nywele katikati, pale ngao ya kifua inapokutana na mabawa. Hicho kimesimama mlangoni pa kifuko cha ukungu. Ruhuka hana, kwa kuwa hana bustani. Yeye anakula punje yenyewe.

Wa pili ni ndugu yake kabisa, Xylosandrus crassiusculus, naye mhamiaji wa kutoka Asia aliyezoea Afrika tangu zamani. Huyu kishungi anacho, kwa hiyo hapo usikimbilie kishungi. Angalia ukubwa: anazidi milimita 2, pengine karibu 3. Rangi ni ya kahawia yenye wekundu, na mteremko wa nyuma hauna mng'ao, umejaa chembechembe. Tabia nayo inasema: anapenda mti mnene zaidi, magogo na mashina, na unga anaousukuma nje hushikamana ukawa vijiti vyembamba vinavyochomoza kwenye gome mpaka upepo uvivunje. Ukiona vijiti hivyo kwenye gogo la mwembe, mbuni wako usiuhusishe.

Ukiwa na mashaka, peleka sampuli. Mimi zangu niliziweka kwenye spiriti, kila chupa na karatasi ndani iliyoandikwa kwa penseli (wino unayeyuka, penseli haiyeyuki) mahali, tarehe na mmea aliotolewa. Kagera tuna bahati ya kuwa na kituo cha TaCRI, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, pale Maruku. Mdudu asiyeandikiwa alikotoka hana faida kwa mtaalamu yeyote.

Watu hupenda kuniuliza yuko ukoo gani, nami hupenda kuwajibu, kwa sababu jibu linawaudhi. Ni wa familia ya fukusi. Yule yule fukusi anayetoboa vigogo vya migomba yao ni binamu yake. "Kwa hiyo juu na chini tumezungukwa na ukoo mmoja," alisema mzee wa enkonyagi, na sikuwa na la kumbishia.

Kivuli nacho kina maneno. Kibanja cha Kihaya ni msitu mdogo: migomba, mibuni, na juu yake miti mikubwa. Kivuli kizito kinatunza unyevu, na unyevu ndio anaoutaka mkulima wa ukungu. Zaidi ya hapo, baadhi ya miti ya kivuli ni nyumba zake. Uganda imetajwa Albizia chinensis, jamii ya mishai, kuwa mojawapo. Sijawahi kumwambia mtu afyeke miti yote, kwani mbuni ukikaa juani tupu nao una matatizo yake, na mtu akikata mti wa babu kwa maneno yangu atanikumbuka vibaya. Nilichosisitiza ni kupogolea matawi ya juu ili mwanga uingie, kuondoa maotea mapema kabla hayajawa vichaka, na kuangalia parachichi lililo katikati ya kibanja kama unavyoangalia mibuni. Mtu anasafisha kahawa yake yote, anamwacha mdudu kwenye parachichi, halafu ananipigia simu kwamba dawa ya kisu haifanyi kazi.

Sisimizi ni habari ya kunifurahisha. Watafiti wa Uganda waliripoti mwaka 2015 sisimizi wa jenasi ya Plagiolepis wanaoingia kwenye matundu ya bungua na kuwala waliomo. Ni wadogo kiasi kwamba mlango wa milimita 0.8 wanaupita. Baada ya kusoma hayo nikawa napasua matawi kwa jicho lingine, na kweli kuna vyumba nilivyokuta sisimizi wadogo wamejaa na hakuna lava hata mmoja. Siwezi kuapa ni wale wale, wala kwamba wao ndio waliomaliza kazi; huenda waliingia nyumba iliyokwisha hamwa. Lakini nilipowaona wakulima wakimwaga dawa kwenye mashina ili kuua sisimizi wanaowauma wakati wa kuchuma, niliwaomba wavumilie kuumwa.

Linalobaki kuwa gumu kuliko yote ni jirani. Mipaka ya vibanja kwetu imepandwa milamula, na bungua hasomi mipaka. Yule bibi wa vitambaa alifanya kila nilichomwomba: alipindua matawi kila wiki na mjukuu wake, alikata yaliyolegea, akawashia moto jioni. Matawi yaliyokauka yalipungua upande wake wa ndani. Kwenye mistari ya ukingoni hayakupungua, kwa sababu kibanja kilichopakana naye mwenyewe anaishi Dar es Salaam, anakuja wakati wa sikukuu, na mibuni yake ilikuwa imejaa maotea na matawi meusi toka mwaka uliotangulia.

Tulimpigia simu. Alikuwa mtu mstaarabu, akasema atatuma hela ya dawa. Nikamweleza dawa si kitu, atume hela ya vibarua. Hapo sauti ikapoa. Msimamizi wake naye alisema hawezi kukata mti wa tajiri bila ruhusa, na malipo yake ni ya kulinda ndizi, kahawa haimo kwenye makubaliano. Tulikwama hapo muda mrefu, mpaka bibi mwenyewe alipolimaliza bila mimi. Alimwita msimamizi, akamwonyesha wembe na tawi kama nilivyomwonyesha yeye, kisha akamuuliza mke wake anapikia nini. Walikubaliana kwamba atakata kila tawi lililolegea na kila lililokauka, na kuni zote zitakuwa zake, kwa sharti zipikiwe siku hiyohiyo. Mwenye kibanja alipopigiwa kuelezwa, aliuliza jambo moja tu: kama atadaiwa chochote. Akaambiwa hapana, akasema sawa.